Mahamri na mbaazi za Bi Mkubwa, South C

Kwanza niwape njia, maana mahali penyewe hapana bango. Ukiingia South C hapa Nairobi, ulizia duka la mitungi ya gesi lililopakana na fundi cherehani, kwenye barabara ya ndani isiyo mbali na msikiti. Baina ya hayo mawili kuna mlango wa kijani wenye pazia la kanga iliyopauka. Ndani meza nne, nje meza moja na mabenchi mawili chini ya turubai. Mwenye gesi ukimwambia "kwa Bi Mkubwa" hata hafungui mdomo, anakuonyesha kwa kidevu.

Nimekula hapo tangu 2019, Jumamosi nyingi kuliko nilizokosa, na siku za kazi nikipata upenyo. Kwa hiyo haya si maneno ya mtu aliyeonja sahani moja akakimbilia kuandika. Nimepanga foleni hapo mvua ikininyea mgongoni, na nitapanga tena.

Mahamri ni shilingi 20 moja. Yamekatwa pembe tatu kama yanavyokatwa kwetu Mombasa, na ukilibonyeza kwa kidole linashuka kisha linapanda. Ukilichana, ndani tupu. Utupu ule ndio mtihani wa mpishi. Unga umekandwa kwa tui la nazi, ukapewa hamira na muda wake, ukasukumwa usiwe mwembamba wala mnene, ukatiwa kwenye mafuta yaliyopata moto sawasawa, ukarushiwa mafuta juu kwa upawa mpaka ukafura. Kosea moja tu katika hayo na utatoa kitu kizito kilichojaa ndani. Mandazi ya vibanda vingi vya Nairobi ndivyo yalivyo, yameshiba ndani kama mkate. Si mabaya, nimeyala na chai asubuhi nyingi za baridi nikashukuru. Lakini kwa hamri mandazi si ndugu, ni jirani.

Iliki ya Bi Mkubwa hutwangwa asubuhi ileile, tena haitwangwi ikawa vumbi. Mara mojamoja jino linakutana na chembe, na mdomo wote unafunguka. Nikiipata ile chembe huwa nanyamaza kidogo. Nikiwa na mtu mezani anajua asinisemeshe.

Msidhani ni jambo jepesi kulitoa hamri la namna hii Nairobi. Mimi mwenyewe nilijaribu mwaka wangu wa kwanza huku. Nyumbani, mama alikanda unga baada ya chakula cha usiku, akaufunika kitambaa, akalala. Alfajiri umeumuka wenyewe, umeinua kitambaa. Joto la Mombasa limefanya kazi usiku kucha bila mshahara. Nikafanya vivyo hivyo Nairobi, mwezi wa Julai. Saa kumi na moja asubuhi nikafunua, unga umelala kama nilivyouacha, baridi kama udongo wa mfinyanzi. Hamira ni kitu kilicho hai, kinataka joto, na usiku wa Julai hapa huteremka hata nyuzi 11 au 12. Niliyakaanga hivyo hivyo kwa hasira. Mume wangu alikula mawili, akasema mazuri, na sote wawili tulijua.

Bi Mkubwa nilipomsimulia hakunicheka. Alinichukua mpaka nyuma, penye jiko, akanionyesha sufuria la unga lililoviringishwa blanketi kuukuu, limekalishwa karibu na makaa yaliyofunikwa majivu. Hukanda saa tisa alasiri, si usiku, na miezi ya baridi tui lenyewe hulitia likiwa vuguvugu. "Unga na mtoto mchanga huku ni mamoja," aliniambia, "vyote wafunika."

Mbaazi nazo zina taabu yake ya huku. Nairobi iko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na mahali pa juu maji huchemka kabla hayajapata moto kamili. Kwetu maji huchemka nyuzi 100, hapa kama 94. Unaona yanatokota, unadhani kazi inakwenda, na mbaazi ziko mle ndani ngumu kama changarawe. Bi Mkubwa huzirowesha tangu jana yake, huzibandika saa nane za usiku, na hazigusi kwa chumvi mpaka zimelainika. Kisha tui jepesi, zichemke nalo taratibu, na mwisho kabisa tui zito, hapo anakoroga bila kuuacha mwiko ili lisikatike. Ukipewa sahani, mchuzi umeshikana, mweupe wenye manjano kidogo, pilipili ya kijani imekaa juu nzima nzima. Sahani shilingi 80. Kwa kazi ile, mimi huona haya kulipa kiasi kile.

Sharti moja: kula upesi. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya kama nyuzi 24, na asubuhi ya Nairobi iko chini ya hapo miezi mingi. Ukiketi kuandika jumbe kwenye simu, utando mweupe utafunga juu ya sahani na ulimi utapakwa mafuta. Nimewaona wageni wakilalamika kwamba mbaazi "zina mafuta sana". Hazina. Mmezichelewesha.

Nazi ni ya kukunwa. Mbuzi ya nazi iko pale nyuma, imekaliwa mpaka ikang'aa, na kijana mmoja kutoka Msambweni ndiye huipanda saa tisa za usiku. Nasisitiza hili kwa sababu mjini sasa kuna tui la kopo na la unga, na mkono ulioizoea nazi huonja tofauti kabla ya kumeza. Nazi yenyewe hutoka Kwale na Kilifi kwa lori mpaka Marikiti, soko la Marikiti la hapa, si lile la kwetu. Mimi nikinunua mojamoja hulipa shilingi 70, na Mombasa nilikuwa nikinunua soko la Kongowea kwa 30. Kila mara natoa hela nikiwa nimekunja uso, lakini natoa.

Mimi Nairobi nililetwa na makontena. Kazi yangu ni ya kutoa mizigo bandarini, klaringi kama tunavyosema. Januari 2018 treni ya mizigo ya SGR, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, ilipoanza, makontena yakawa yanashuka melini bandari ya Kilindini, Mombasa, yanapanda behewa, na forodha inakwenda kufanywa bandari kavu ya Embakasi. Mwenye ofisi yetu akatuita sita tuliokuwapo, akasema watatu wabaki, watatu waufuate mzigo. Nikawa mmoja wa watatu. Walioachwa nyuma hawakuwa na nafuu: magari ya mizigo yalipungua barabarani, na pamoja nayo gereji, maghala, mama ntilie waliolisha madereva Changamwe na Mariakani. Mwaka 2019 watu waliandamana Mombasa kwa ajili ya jambo hili, mimi nikiwa huku ofisini Embakasi, nikishughulikia makontena yaleyale waliyokuwa wakiyalilia. Sikupata usingizi mzuri wiki zile.

Nilipokuwa Mombasa sikujua kuwa mimi ni mtu wa Mombasa. Nimezaliwa Magongo, Changamwe, baba yangu akiwa mfanyakazi wa bandari aliyetoka Machakos. Shuleni niliitwa mbara. Si kwa ubaya kila siku, lakini niliitwa. Jina langu la ukoo ni la Kikamba, na kwetu jina hutangulia mtu. Basi nikakua nikijua kwamba pale nimepangishwa.

Nikaja Nairobi. Ofisini nikifungua mdomo wananiambia naongea kama mtangazaji wa taarifa ya habari. "Huyu ni wa Coast," wanasema, "hebu sema tena." Halafu wanauliza kwenu ni wapi. Nikisema Mombasa, wanasoma jina langu kwenye kitambulisho, wanatabasamu, wanauliza mara ya pili: "Hapana, kwenu kwenu. Ushago," yaani kijijini kwa wazee. Machakos, alikozikwa babu yangu, ni mwendo wa saa moja na nusu kutoka hapa. Ukoo wangu mzima uko karibu nami kuliko ulivyowahi kuwa, na mimi usiku naota kivuko cha Likoni, na mihogo ya kuchoma ya Lighthouse ikipasuliwa, inatiwa pilipili na ndimu, upepo wa bahari ukipeperusha karatasi. Sijui nimwambie nani jambo hili alielewe, isipokuwa wanaokula pale kwa Bi Mkubwa.

Siku yangu ya kwanza hapo niliuliza tu, "Mbaazi bado zipo, mama?" Akageuka kutoka kwenye karai akanitazama. "Wewe wa wapi kule?"

"Changamwe."

"Changamwe ipi?"

"Magongo."

"Kaa," akasema, "nakuletea." Yeye ni wa Kibokoni, Mji wa Kale, watu ambao nasaba zao zahesabika mpaka zichoshe. Lile swali la "kwenu kwenu" hakuniuliza. Miaka inapita, na mpaka leo hajaniuliza.

Nawahi kusema jambo hili kwa sababu Nairobi kuna mahali pengine panapouza "ladha ya Pwani", na mmoja wenu ataniuliza mbona sipasifu. Nimekwenda. Kuna mkahawa mmoja Westlands, sitautaja, una mlango wa kuchongwa mfano wa Lamu, kanga zimetundikwa ukutani kama picha, taa za shaba kila kona. Niliagiza mahamri, nikaletewa mandazi madogo mraba yamenyunyiziwa sukari ya unga, vipande vitatu shilingi 250. Nikauliza mbaazi, kijana akaniuliza mbaazi ni nini. Sikumkasirikia yule kijana, kaajiriwa juzi. Nilikasirika kwa sababu mtu fulani alikaa akafikiri Pwani ni mlango. Kwa Bi Mkubwa ukutani pana kalenda ya duka la gesi na saa isiyokwenda.

Na wala hajifanyi yuko Mombasa. Hilo nililipinga mwanzoni, kisha likanibadilisha mimi. Samaki wa kupaka ni kwa Ijumaa, changu au tafi wakija kwa basi la usiku kwenye sanduku la barafu. Wasipokuja, hupaka ngege wa Ziwa Victoria. Mara ya kwanza niliposikia, nilikataa. Ngege ndani ya tui la nazi! Mama mmoja wa Kisumu aliyekuwa meza ya pili naye akakataa, kwa sababu zake: ngege hataki nazi, ngege anataka nyanya na kitunguu na aachwe na kichwa chake. Tulitazamana tukiwa tumekasirikia sahani moja, kila mtu kwa ajili ya maji ya kwao. Bi Mkubwa akatuletea tuonje bila malipo. Amemchoma kwanza kwenye makaa mpaka ngozi ikakauka, akampaka ukwaju, thomu, tangawizi na pilipili, ndipo tui zito, akamrudisha jikoni likaanza kushika rangi ya kahawia pembeni. Mnofu wa ngege ni laini kuliko wa changu na hauna chumvi ya bahari ndani yake, kwa hiyo ukwaju umeongezwa. Mama wa Kisumu alimaliza. Mimi pia. Bado Ijumaa nikipata changu nachagua changu, lakini sitasema tena neno baya juu ya yule ngege.

Sasa meza ya nje, maana huwezi kueleza mahali hapa ukaiacha. Jumamosi kuanzia saa moja na nusu kuna baraza la kudumu. Yuko mzee mmoja wa Majengo, Pumwani. Yuko Mwamu, mtu wa Lamu, anayefanya kazi uwanja wa ndege wa Wilson, pua na mdomo kutoka hapa, na ndege ndogo zikipita juu ya turubai hunyanyua kichwa akasema, "Hiyo yaenda Amu," hata kama inakwenda Maasai Mara. Yuko yule kijana wa Msambweni akipumzika na kazi ya nazi. Na mimi, nikipata nafasi kwenye benchi.

Mabishano yao ni ya nani mwenye nini. Mwamu husema mahamri ya kweli ni ya Lamu, na akibanwa huwakumbusha watu wa Mombasa Vita vya Shela, mwanzoni mwa karne ya 19, Waamu walipowashinda Mombasa na Pate mchangani pale. Miaka zaidi ya 200, na anasimulia kama mtu aliyerudi jana miguu ina mchanga. Kijana wa Msambweni hujibu kwamba nyote mwajisifu kwa nazi, na minazi ni ya Wadigo na ndugu zao Wamijikenda. Mngekuwa na nini bila sisi? Hapo baraza hunyamaza kidogo, kwa sababu ana haki.

Lakini mwenye neno kubwa ni mzee wa Majengo. Amezaliwa hospitali ya Pumwani, ile iliyofunguliwa 1926, akakulia kwenye mtaa ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili Waafrika wa mji wawekwe mahali pamoja. Wengi waliokaa humo tangu mwanzo walikuwa Waislamu wa makabila mbalimbali waliozungumza Kiswahili nyumbani. Mama yake alikaanga mahamri mlangoni Majengo, na yeye akiwa mtoto aliyapeleka kwa sinia kichwani mpaka Gikomba. "Mwaja hapa mwasema mmetuletea mahamri," husema. "Mahamri nimezaliwa nimeyakuta. Haya ni ya Nairobi." Desemba mji ukibaki mtupu, watu wamekwenda ushago, yeye hubaki, kwa sababu hana pengine pa kwenda. "Mimi ndiye mwenyeji. Nyinyi wote ni wageni wangu, kuleni."

Siku moja nilimjibu. Nikamwambia, "Mzee, kwa heshima yako, mji huu umezaliwa na reli, na reli imeanzia kwetu. Walianza kuitandika Mombasa 1896, ikafika hapa 1899, na hapa palikuwa maji baridi ya Wamaasai na nyasi. Makao makuu ya serikali yalikuwa Mombasa mpaka 1905."

Akakoroga chai yake taratibu. "Ni kweli, binti yangu. Lakini mtoto akimzidi mama urefu, huyo si wa kulaumiwa."

Sikuwa na la kujibu. Nilitafuta njia nzima ya kurudi nyumbani.

Baraza hili si tamu siku zote. Wakati mmoja, uchaguzi ukikaribia, mtu aliyekuja na wageni, si wa pale, alianza kusema watu wa bara ndio waliotumaliza Pwani. Alisema kwa sauti, mbele yangu, bila kunijua. Yapo ya kweli aliyoyagusa, juu ya ardhi na juu ya kazi, na sitajifanya sijayasikia kwa majirani zangu niliokua nao. Bi Mkubwa alitoka na upawa mkononi akasema, "Hapa twala." Basi. Yule mtu akala.

Mimi nilikuwa nimeshatoka pale kwa mawazo. Agosti 1997, Likoni ilipowaka na watu wa bara wakafukuzwa na wengine kuuawa, mama alifunga vitu vyetu kwenye mashuka huko Magongo. Baba alikuwa zamu bandarini. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Jioni jirani yetu wa upande wa pili wa ua, Mswahili, aliingia na bakuli la mbaazi, akalikalisha juu ya lile furushi la mashuka, akaketi nasi mpaka baba aliporudi usiku. Hakusema lolote juu ya vita. Alisema mbaazi zitapoa. Hatukuondoka.

Ndiyo sababu nikisema mbaazi hizi zinanirudisha nyumbani sisemi kwa kupamba.

Septemba 2022 Rais William Ruto alipoapishwa, siku ileile alitangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa. Simu yangu haikupumzika. Dada zangu, wenzangu wa zamani, kila mtu: haya, rudi sasa! Mwanangu alikuwa na miaka minne, ameanza shule ya chekechea. Mume wangu kazi yake iko huku. Na mimi nilikuwa na meza yangu Jumamosi. Mzigo ukarudi, mimi nikabaki. Nilikwenda kwa Bi Mkubwa wiki ile, nikakaa ndani, si nje. Aliniletea chai ya tangawizi nisiyoagiza na hakuihesabu.

Huyu mtoto wangu amezaliwa Nairobi. Mara ya kwanza kumpa hamri la pale alilichana, akachungulia, akaniambia, "Mathe, hii mandazi haina kitu ndani." Nilitamani ardhi ipasuke. Bi Mkubwa akainama, akamwonyesha kulipasua ubavuni, akachota mbaazi kwa kijiko, akatia mle. "Ndani watia mwenyewe, mwanangu." Sasa ana miaka saba na huagiza peke yake. Huenda mpaka dirishani akasema, "Shikamoo Bi Mkubwa, nataka mahamri mbili." Bi Mkubwa huitikia marahaba, kisha husimama kimya na karatasi mkononi. "Mangapi?" Mtoto hufikiri. Nyuma yake watu wanangoja kwenye foleni na hakuna anayelalamika. "Mawili." Hapo ndipo anafungiwa. Wiki iliyopita nilimsikia akimsahihisha rafiki yake dirishani, na mzee wa Majengo akagonga meza kwa furaha kama aliyefunga bao.

Yasiyoniridhisha nayaweka wazi. Viazi karai vya pale ni vya kawaida. Unga wa juu hunywa mafuta, na ukwaju wa kuchovya umekuwa mwepesi mno tangu mwaka jana. Nimemwambia, na akasema ukwaju mzuri umepanda bei, jambo ninaloliamini lakini halinifanyi niipende sosi ile. Biriani ya Ijumaa, shilingi 450 ya kuku, ina masala mazuri sana na viazi vingi kuliko nyama. Kahawa tungu hakuna kabisa, na kwa mtu wa Mombasa hilo ni pengo: baraza bila dele la shaba juu ya makaa na vile vikombe vidogo ni baraza la mguu mmoja. Benchi la kushoto linayumba. Mvua za Aprili zikinyesha, maji hukusanyika chini ya turubai, basi vaeni viatu vya kufaa. Na msije na haraka. Vijana wa Nairobi wanaosimama mlangoni wakiangalia saa kila dakika hupata chakula saa ileile wanayokipata wengine.

Pamoja na hayo yote, kwa mahamri na mbaazi sijaona pa kupafananisha na hapa Nairobi nzima, na nimetafuta Eastleigh, Pangani na mjini kati.

Hufungua saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mbaazi Jumamosi hazifiki saa tatu na nusu. Ukiamka saa mbili na unakaa Rongai, lala tu. Ijumaa biriani na samaki ni baada ya swala. Jumapili hafungui. Ramadhani huuza kuanzia saa kumi jioni, na wakati huo kuna kaimati na mkate wa sinia, foleni inafika kwa fundi cherehani. Wiki ya Idi hufunga akaenda Mombasa, na huandika mlangoni kwa chaki siku atakayorudi. Malipo ni M-Pesa au taslimu.

Mbaazi za kuchukua njoo na chombo chako, chenye kifuniko, kwa kuwa hawekei chakula cha moto kwenye plastiki. Mimi huja na bakuli la bati lenye maua mekundu, limepasuka rangi ukingoni. Mama alinipa nilipopanda basi kuja huku 2018. Lilikuwa la jirani yetu wa Magongo. Bi Mkubwa akiliona dirishani hulijaza bila kuniuliza kiasi.